Ini Halisafishwi kwa Chupa

Siku hizi huwezi kumaliza safari ya daladala bila kuhubiriwa habari za ini lako. Kijana anapandia Buguruni na begi mgongoni, anaomba radhi kwa abiria, anasalimia kwa dini zote mbili, kisha anatoa chupa ya maji ya kahawia. Zamani wenzake waliuza dawa ya minyoo na ya jino. Sasa wamehamia kwenye ini. Juzi mama wa kiti cha mbele alinunua chupa moja, nami nikapata kuisoma begani kwake: karatasi ya kijani, mlonge, tangawizi, manjano, kitunguu saumu, na chini yake ahadi ya kusafisha ini, figo na nyota. Kifuniko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Jina la mtengenezaji halikuwepo, wala tarehe ya kuisha muda.

Kwenye simu mambo ni hayo hayo, ila muuzaji kavaa koti jeupe. Huko wanauza vidonge vya mafuta ya samaki vinavyodaiwa kuondoa "inflamesheni" na kulirudisha ini lililochoka, kopo moja kwa bei ya kilo kadhaa za nyama. Na watu wananunua. Mfa maji haachi kutapatapa, na mwenye ndugu aliyevimba tumbo huyashika maji yenyewe.

Msimamo wangu nautaja mapema. Ini halina uchafu unaongoja kusafishwa na chupa. Mara nyingi kinacholimaliza ni mchochota wa mwili wenyewe uliokosa mtu wa kuusimamisha. Ipo sayansi ya kweli, yenye umri wa miaka 40 hivi, inayochunguza jinsi mwili unavyousimamisha mchochota huo kwa kemikali unazozitengeneza kutokana na mafuta, na huenda siku moja ikatupa dawa ya ini. Dawa hiyo haijazaliwa bado. Anayekuuzia leo anakuuzia jina tu. Linaloniuma zaidi ni kwamba ikizaliwa bila sisi kushiriki, itakuwa imekatwa kwa kipimo cha wagonjwa wa kwingine.

Kikulacho ki nguoni mwako

Mchochota ni ile hali ya mwili kujihami: wekundu, joto, uvimbe na maumivu, dalili nne ambazo Mrumi Celsus aliziandika karibu miaka 2,000 iliyopita. Ukichomwa na mwiba, chembe nyeupe za damu hukimbilia pale, hushambulia vijidudu, nyingi hufa papo hapo na kuwa usaha. Bila kazi hiyo tungekuwa tunazikana kwa sababu ya miiba. Matatizo huanza pale ambapo adui amekwisha au amejificha, na mapigano yanaendelea.

Ini linapata mapigano hayo kuliko viungo vingi. Karibu kila kinachofyonzwa utumboni hupitia kwake kwanza, chakula, dawa, pombe na sumu, ndiyo maana lina walinzi wake wa kudumu, seli za Kupffer, zilizopewa jina la Mjerumani Karl Wilhelm von Kupffer aliyeziandika mwaka 1876. Lina pia kipaji ambacho figo na moyo havina. Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson walikata theluthi mbili ya ini la panya, na wiki chache baadaye ini lilikuwa limerudia ukubwa wake. Sasa kiungo kinachoweza kujijenga hivyo kinamuuaje mtu?

Kinamuua kwa makovu. Ndani ya ini kuna seli zenye umbo la nyota ambazo kwa kawaida hukaa kimya zikitunza vitamini A. Mchochota ukidumu miezi na miaka, seli hizo hugeuka na kuanza kumwaga nyuzi ngumu za kolajeni. Ini linakakamaa, damu inakosa njia, tumbo linajaa maji, mishipa ya koo la chakula inatuna na siku moja inapasuka.

Nani anataka mfano wa mbali wakati tunao Ukerewe? Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kandokando ya Ziwa Victoria, Mwanza, Mara, Kagera, hadi Homa Bay upande wa Kenya na visiwa vya Uganda. Viluwiluwi vya mnyoo vinatoka kwenye konokono, vinapenya ngozi ya mtoto anayeoga au mvuvi anayesukuma mtumbwi, na minyoo inakwenda kuishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Huishi humo miaka. Jike moja hutaga mamia ya mayai kwa siku. Baadhi hutoka na kinyesi. Mengine huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini na kunasa humo.

Hapa ndipo penye fundisho zima. Mnyoo wenyewe haulili ini. Mwili ndio unaolizingira kila yai kwa jeshi la chembe za kinga, uvimbe mdogo baada ya mwingine, na kila uvimbe unapopoa huacha kovu. Makovu yanaifuata mishipa ya damu kama inavyotawanyika ndani ya ini, na kwenye ultrasaundi daktari huyaona kama mistari minene, myeupe, iliyozunguka mishipa. Ajabu ni kwamba seli za ini la mgonjwa huyo huwa bado zinafanya kazi vizuri kwa muda mrefu. Mtu anakufa kwa kutapika damu, ini lake likiwa bado linajimudu.

Basi tuuzime mchochota kabisa? Wataalamu walijaribu kwa panya waliokosa chembe muhimu za kinga na kuambukizwa kichocho. Panya hao hawakupona, walikufa mapema zaidi, kwa sababu yai lisilozingirwa huvujisha sumu inayoua seli za ini moja kwa moja. Yaani mchochota ule ule unaotuua ndio uliokuwa unatulinda. Kuuzuia usianze ni hatari, kuuacha usiishe ni hatari. Kinachotakiwa ni kuumaliza kwa utaratibu, wakati wake ukifika.

Nani anayeanua tanga?

Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilifundisha kwamba mchochota huisha wenyewe kwa kuishiwa nguvu. Kumbe ni kama msiba. Watu hujaa, hulala nje, hupika, hulia, na hakuna anayeondoka kwa sababu tu amechoka. Mzee husimama, hushukuru, hutangaza kwamba tanga limeanuliwa, ndipo turubai linashushwa na kila mtu anakwenda kwake. Mwili nao una wazee wake wa kutangaza.

Wa kwanza walijulikana mwaka 1984, pale Charles Serhan, aliyekuwa bado kijana, alipofanya kazi na Bengt Samuelsson katika taasisi ya Karolinska, Sweden. Samuelsson alikuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, pamoja na Sune Bergström na John Vane, kwa kazi ya prostaglandini, yaani kemikali za mafuta zinazowasha maumivu na homa, zile ambazo aspirini huzizuia. Wawili hao wakakuta kwamba mafuta yale yale yanayotengeneza prostaglandini hutengeneza pia kitu chenye tabia ya kinyume, wakakiita lipoksini. Serhan akahamia Boston, na maabara yake ikaendelea kuwafichua ndugu wengine: rezolvini zilizopewa jina hilo mwaka 2002, protektini, kisha maresini mwaka 2009. Hawa hutokana hasa na EPA na DHA, mafuta ya omega-3 tunayoyapata kwa wingi kwenye samaki.

Kazi yao ni ya kupendeza kuifuatilia. Huziambia chembe nyeupe mpya zisije tena. Huziamuru makrofeji, zile seli kubwa za usafi, zimeze maiti za chembe zilizokufa kabla hazijaoza na kuwasha moto mpya, kisha huzifungulia njia ya kutoka. Kinga ya mwili hailazwi. Hapo ndipo zinapotofautiana na dawa za jamii ya steroidi, ambazo hupoza mchochota kwa kuwalaza walinzi wote, na kumwacha mgonjwa wazi kwa kifua kikuu na fangasi.

Mwaka 1999 Derek Gilroy na wenzake wa London walichapisha jambo ambalo lingepaswa kubandikwa kila duka la dawa. Walichochea mchochota kwenye kifua cha panya, wakawapa dawa za kuzuia kimeng'enya kiitwacho COX-2, kile kinacholengwa na dawa nyingi za maumivu. Mwanzoni dawa ilisaidia. Ilipotolewa baadaye, mchochota ulipokuwa umeanza kupoa wenyewe, iliurefusha. Kimeng'enya kilichowasha ndicho kilichokuwa kinazima, na dawa ilimfunga mdomo mzee wa kuanua tanga.

Sasa mtazame fundi ujenzi wa mtaani kwetu anayemeza diklofenaki asubuhi na jioni mwezi mzima kwa ajili ya mgongo, kwa ushauri wa muuza duka. Panya si fundi, nakubali, na sisemi mtu atupe dawa aliyoandikiwa na daktari. Lakini hivi nani alitufundisha kwamba kila uvimbe ni adui wa kuzimwa siku ile ile, na kuendelea kuzimwa hata ulipokwisha? Mfuko wa tumbo na figo tayari vinalipa gharama ya mazoea hayo.

Na parasetamoli, ambayo wengi wetu tunaiona kama peremende, ina mlango wake wa kuingia kwenye ini. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mnywaji wa pombe au mtu aliyedhoofika apunguze zaidi. Ikizidi, ini huishiwa kinga yake ya asili na seli huanza kufa. Kuzidisha dawa hiyo ni chanzo kikuu cha ini kufa ghafla Marekani na Uingereza. Dawa ya kuokoa ipo, asetilisisteini, ila inataka kuwahiwa ndani ya saa chache. Hapa kwetu mtu hufika hospitali siku ya tatu, akiwa na manjano machoni.

Panya wamepona, watu bado

Kwenye maabara habari ni njema. Mwaka 2006 kundi la Joan Clària, Barcelona, liliwalisha panya DHA kisha likawapa kaboni tetrakloridi, sumu inayojulikana kwa kuchoma ini. Walioshiba DHA waliumia kidogo, na ndani ya ini lao kukakutwa malighafi za protektini. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwa panya wenye ini la mafuta kwamba maresini hushika swichi moja ndani ya makrofeji za ini, na seli zile zikaacha ukali na kugeukia ukarabati. Tena seli zilizogeuka zikatengeneza kimeng'enya cha kuzalisha maresini zaidi. Wema ukazaa wema. Ukisoma matokeo kama hayo unatamani kukimbilia duka la dawa.

Usikimbie. Mwaka 2014 zilitoka habari za jaribio la Marekani lililowahusisha wagonjwa zaidi ya 200 wenye ini la mafuta lenye mchochota. Wengine walipewa EPA iliyosafishwa kwa dozi kubwa kwa mwaka mmoja, wengine kidonge kisicho na dawa. Maini yao yalipochunguzwa kwa sindano, EPA haikuonyesha nafuu kuliko kidonge tupu. Naomba muuzaji wa kopo mwenye koti jeupe aisome sentensi hiyo mara mbili. Kumeza mafuta ghafi si sawa na mwili kutengeneza rezolvini mahali panapohitajika, saa inayohitajika.

Tena wapo wanakemia wanaotilia shaka msingi wenyewe. Mwaka 2022 kundi la wataalamu wa mafuta ya mwilini, wengi wao wa Ulaya, walichapisha uchambuzi mkali wakisema viwango vya kemikali hizi kwenye damu ya binadamu mara nyingi ni vidogo kiasi kwamba mashine haiwezi kuvisoma kwa uhakika, na kwamba ushahidi kuhusu vipokezi vyake bado haujasimama sawasawa. Kwa maoni yangu wamefanya kazi nzuri, hata kama imewaudhi wengine. Sayansi isiyobishaniwa ni tangazo.

Yapo pia matatizo ya kiufundi. Molekuli hizi ni dhaifu, mwili huzivunja upesi, na kuzitengeneza kiwandani kwa umbo sahihi ni kazi ya gharama. Ndiyo maana watafiti wanatafuta nakala zake zinazodumu zaidi. Mpaka sasa hakuna rezolvini wala maresini iliyosajiliwa popote kama dawa ya ini.

Asiyekuwepo na lake halipo

Mwezi Machi 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ini la mafuta lenye makovu, resmetiromu. Si ya ukoo huu wa rezolvini, inafanya kazi kwa njia nyingine. Bei yake ya kuanzia ilitangazwa kuwa zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka. Nimeitaja ili tuone dawa za ini zinakoelekea. Zinatafutwa kwa ajili ya ini lililonona kwa chakula na kukaa, kwa sababu huko ndiko kuna bima za kulipia. Kweli, ini la namna hiyo nasi tunalo, chipsi na soda havijatuacha salama. Lakini makovu ya maini yetu yana baba zao wengine.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 waliishi na homa ya ini aina ya B, na kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya yalikuwa kanda ya Afrika. Huko huko Afrika ni asilimia 18 tu ya watoto waliopata chanjo yake mara wanapozaliwa. Ongeza sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye ukungu yaliwafanya watu 317 mashariki mwa Kenya waugue, wakafa 125. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, watu 68 wakaugua na 20 wakafa. Hao ni wale walioanguka kwa kishindo. Anayekula sumukuvu kidogo kidogo miaka 20, huku ana virusi vya homa ya ini B, anatembea na hatari ya saratani ya ini iliyozidishwa, na hakuna habari ya gazeti itakayomtaja.

Kisha kichocho. Prazikuanteli inaua mnyoo, tena ni dawa nzuri, wanafunzi wanaipata shuleni. Ila haifuti kovu. Kwa mtoto kovu changa huweza kupungua. Kwa mvuvi wa miaka 40 mara nyingi linabaki. Adui ameshaondoka, madhara yamebaki. Je, kuna mgonjwa anayefaa zaidi kuulizwa kama molekuli za kumaliza mchochota zina faida kwa binadamu? Ana ugonjwa wenye chanzo kinachojulikana, kinachoweza kuondolewa kwa dozi moja, na makovu yanayopimika kwa ultrasaundi bila kumchoma mtu sindano.

Mwanza pana kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na pana Hospitali ya Bugando. Kisumu wapo watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya. Wamekijua kichocho kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Hatuwaombi watengeneze dawa kesho. Waanze na maswali ya bei nafuu. Damu ya mgonjwa ambaye ini lake limepata makovu na ya jirani yake ambaye ini lake limebaki laini, ilhali wote wameoga ziwa moja, zinatofautiana vipi katika mafuta haya? Kaya zinazokula dagaa kila siku zina makovu machache, au hakuna tofauti? Jibu likiwa hapana, nalo ni jibu, na litawanyima wauza makopo soko.

Nikitaja dagaa naweza kueleweka vibaya. Dagaa wa ziwa wana omega-3, na ni chakula bora cha mtoto hata pasipo hadithi ya rezolvini. Lakini pita mwaloni asubuhi uone. Akina mama wameinama wakiwatandaza juu ya nyavu na mchanga, kunguru juu, na pembeni lori linapakia magunia kwenda kusagwa chakula cha kuku. Dagaa wa kulisha kuku wanapata mnunuzi wa jumla anayelipa taslimu, wa kulisha mtoto wanauzwa kwa kisado. Sijui kama lishe ya ini itasubiri utafiti wa Boston wakati hili tunaliona kwa macho.

Familia ya mvuvi huijua hesabu ya ini kwa njia nyingine. Usiku baba anatapika damu beseni zima. Asubuhi inatafutwa boti ya kuvuka, kisha gari, kisha watu wa kuchangia damu, kisha kipimo cha kamera ya tumboni ambacho wilayani hakipo. Injini ya mtumbwi inauzwa. Akirudi nyumbani hawezi kuvuta nyavu tena, na binti wa kidato cha pili ndiye anayekwenda kuanika dagaa wa watu. Yote hayo kwa kovu lililoanza akiwa na miaka 8, akiogelea na wenzake baada ya shule.

Mamlaka ya Dawa na Baraza la Tiba Asili wana sheria za kutosha kumuuliza mwenye chupa inatengenezwa wapi na imethibitishwa na nani. Wamuulize, na wamuulize pia mwenye kopo la nje, maana uongo hautakaswi kwa kupanda ndege.

Nawe uliyekulia kandoni mwa ziwa, hata kama sasa unaishi Dar es Salaam au Nairobi na unavaa tai, hata kama ulimeza prazikuanteli zamani: nenda hospitali, waambie ulikooga utotoni, omba ultrasaundi ya ini na wengu, na upime homa ya ini B siku hiyo hiyo. Fanya hivyo kabla hujatapika damu.